Hakuna Tatizo, Hakuna Hadithi

Yule fundi cherehani simpendi, na nisimdanganye mtu kwamba yaliyotokea yametupatanisha. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja, na ndivyo itakavyokuwa mpaka mmoja wetu ahame mtaa.

Chanzo ni gauni. Nilimpelekea kitambaa anishonee gauni la harusi ya mdogo wangu. Akanipima mwenyewe, akaandika vipimo mwenyewe kwenye kijidaftari chake, na siku ya harusi nilipoinama kumpa bibi harusi zawadi, mshono wa mgongoni ukaachia wote, kutoka begani mpaka kiunoni. Kesho yake nikalirudisha. Dukani mlikuwa na wateja wanne. Akaligeuza gauni, akaliangalia, akaniangalia na mimi, kisha akasema, "Mwalimu, hiki kitambaa hakijapasuka. Kimekata tamaa." Wale wateja walicheka mpaka mmoja akashikilia meza asianguke. Wanasema akutukanaye hakuchagulii tusi. Huyu alilichagua, akalipima, akalikata saizi yangu. Tangu siku ile tukikutana njiani kila mtu anaangalia upande wake.

Bahati yangu nzuri, mwaka huu mtoto anayemlea akaangukia darasani kwangu, darasa la pili. Si mtoto wake wa kumzaa, ni wa mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo wake anachimba visima na kampuni inayohamahama, wiki tatu huku, wiki tano kule, na nyumbani anaonekana kwa nadra. Mama wa mtoto aliolewa kwingine, akaanza maisha mapya. Mtoto amekaa kwa shangazi tangu hajajua kutembea vizuri. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyo nayo juu ya mdomo. Ni mpole, mwandiko wake mzuri, na sare yake, nakubali shingo upande, imeshonwa ikashoneka.

Kazi yangu lakini naijua. Miaka ishirini na miwili nafundisha watoto wadogo kusoma, na katika kusoma hakuna ninachokipenda kama kuwafundisha kuichambua hadithi. Mezani kwangu nina maboksi manne ya viatu niliyoyafunika kwa karatasi za kalenda kuukuu, kila moja limeandikwa kwa herufi kubwa: NANI, WAPI, TATIZO, LIKAISHAJE. Muhtasari wa masomo unasema wahusika, mandhari, mgogoro na utatuzi, lakini ukimwambia mtoto wa miaka saba "mandhari" atadhani unamtukana. Nasoma hadithi, nagawa vikaratasi, watoto wanakuja mmoja mmoja kuvitumbukiza kwenye boksi linalostahili.

Siku ya kwanza niliwasomea hadithi ya kutunga mwenyewe, ya mbuzi aliyekula daftari la hesabu.

"Nani yumo?" nikauliza.

"Mbuzi!"

"Na nani mwingine?"

"Mwenye daftari!"

"Na daftari," akasema mmoja nyuma. Wenzake wakamzomea kwamba daftari si mtu. Akawajibu kwamba hata mbuzi si mtu. Nikampa haki yake.

"Ilitokea wapi?"

Akasimama msichana wa dawati la mbele ambaye tunamwita Hakimu, kwa kuwa halipo jambo lisilomhusu. "Tumboni, mwalimu," akasema.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Ugumu ulikuwa kwenye boksi la tatu. Mtoto ukimwachia hivi hivi atakusimulia: niliamka, nikanawa, nikaenda, nikarudi, nikalala. Hiyo si hadithi, ni ratiba. Nikawaeleza kwamba tatizo ni kama mnyororo wa baiskeli, ukiutoa utapiga pedali mpaka jioni na huendi popote. Nikawatungia na kibwagizo. Mimi nasema "Hakuna tatizo!" wao wanaitikia "Hakuna hadithi!" huku wakigonga madawati. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kulalamikia kelele. Nikamwambia afunge dirisha.

Halafu nikaanza kuwapa kazi ya nyumbani. Kila Ijumaa wachore vyumba vinne kwa rula, waandike hadithi ya kweli ya nyumbani kwao, Jumatatu walete. Nilisema wazi kwamba hadithi iwe ya kweli. Watoto arobaini na watatu, madaftari arobaini na matatu, na mimi nasahihisha yote siku hiyo hiyo kwa sababu sipendi kulimbikiza kazi.

Jumatatu ya tatu nilikuwa nimeshasahihisha kama ishirini na saba, mkono umekufa ganzi, ndipo nikafungua la Kidoti. Alikuwa ameandika hivi:

NANI: Mimi na shangazi.
WAPI: Stoo ya vitambaa.
TATIZO: Shangazi alinifungia stoo siku nzima bila chakula nikalia sana.
LIKAISHAJE: Baba akaja akanifungulia mlango.

Mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko kichwa. Nilitia vema nne, nikampa kumi kwa kumi, nikaandika chini "Vizuri sana! Sasa umeelewa." Kisha nikasoma tena, wino ukiwa bado mbichi.

Nitasema ukweli wote, maana nusu ya ukweli imeshaniponza. Kwanza niliogopa. Moyo ulinilipuka kwa ajili ya yule mtoto. Lakini nyuma ya ule woga kikaja kitu kingine, na jina lake nalijua, kilikuwa furaha. Nilimwona yule fundi na tepu yake ya kupimia shingoni, nikasema moyoni, leo nimekupata.

Nikamwita Kidoti ofisi ya walimu. Nikamwonyesha ukurasa.

"Hii hadithi ni ya kweli?"

Akaangalia ile kumi kwa kumi. Hakuwa amewahi kuipata. "Ndiyo, mwalimu," akasema.

"Nenda kacheze."

Hayo ndiyo mahojiano yangu yote. Nikalichukua daftari mpaka kwa mwalimu mkuu, mtu mwangalifu sana, ambaye hata chafya haipigi kabla ya kuangalia kama kuna waraka unaoiruhusu. Akasoma mara mbili na miwani, mara moja bila miwani.

"Una hakika na jambo hili?"

"Nimemuuliza mtoto mwenyewe."

"Ameshawahi kuandika kitu cha namna hii?"

"Hapana."

Nilikuwa sijageuza hata ukurasa mmoja nyuma. Nilijibu tu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mwalimu mkuu akampigia simu baba wa mtoto, huko kwenye visima. Mtandao ulikuwa unakatika, ikabidi apige kelele, na kila aliyekuwa uani akasikia: amefungiwa, ndiyo, stoo, dada yako, ndiyo, bila chakula. Alipokata simu alikuwa anafuta jasho. Baba angefika Alhamisi na gari la kampuni, akamchukue mwanawe moja kwa moja, akamweke shule ya bweni huko mbali ambako anajuana na matroni. Alisema hawezi kumwacha hata siku moja zaidi kwa mtu anayemfungia kama kuku.

Jumanne, kipindi cha pili, mlango wa darasa ukafunguliwa bila kubishwa hodi. Fundi. Tepu shingoni, pini zimechomekwa kifuani kwenye blauzi, mguu mmoja kandambili ya bluu, wa pili ya kijani. Alikuwa ametoka mbio.

"Mwalimu, toka nje."

"Nina kipindi."

"Basi nitasemea hapa hapa."

"Usimwage mtama kwenye kuku wengi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Twende ofisini."

"Mtama umeshaumwaga wewe! Mdogo wangu ananipigia simu analia, mwanamume mzima, ananiuliza nimemfanya nini mwanawe. Mimi! Mtoto nimemlea mgongoni, huku nakanyaga cherehani huku nambembeleza, leo naambiwa namfungia stoo?"

"Mtoto ameandika mwenyewe."

"Stoo yangu haina mlango."

"Umesema?"

"Umenisikia. Haina mlango! Ina pazia, la maua, nimelishona kwa mikono yangu. Mtu anafungiwaje na pazia, hebu nieleze wewe uliyesoma."

Darasa likacheka. Nikaligeukia, likanyamaza.

"Mlango unaweza kung'olewa," nikasema.

"Njoo uone fremu. Hata tundu la bawaba huoni. Kila siku mtoto anarudi ananiimbia, nani, wapi, nani, wapi. Haya, umesoma stoo. Wewe umefika? Toka hapa mpaka kwangu ni dakika tano, na kwa mwendo wako utasema kumi, lakini umefika?"

"Mzazi, unavuruga darasa."

"Una kinyongo cha gauni, mwalimu. Sema tu."

"Na wewe una mdomo."

"Mdomo ninao, na unajulikana mtaa mzima. Lakini sijawahi kuutumia kumharibia mtu mtoto."

Akaondoka, mlango akaubamiza. Kidoti alikuwa ameingiza kichwa chini ya dawati, mgongo tu ndio unaonekana. Hakimu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na hii tuiandike?"

"Kaeni kimya wote! Fungueni hesabu!"

Sikwenda kuiona ile stoo. Nilijiambia nina madaftari ya kusahihisha, nina mkutano, nina jua kali. Kumbe nilikuwa naogopa kulikuta pazia.

Jumatano mwalimu mkuu alinitaka ninakili ule ukurasa kwa ajili ya kikao cha kesho yake. Nikakaa ofisi ya walimu, daftari mbele yangu. Na kilichonifanya nigeuze kurasa za nyuma si uadilifu, nilikuwa natafuta ushahidi zaidi. Nilitaka nimkute yule fundi ameandikwa mara mbili, mara tatu, nimmalize kabisa.

Nikakuta karatasi moja, pande zote mbili zimeandikwa. Upande wa kwanza ulikuwa wa wiki ya kwanza:

NANI: Mimi na shangazi.
WAPI: Nyumbani.
TATIZO: Hakuna.
LIKAISHAJE: Tulicheka tukalala.

Chini yake kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu: "Hakuna tatizo, hakuna hadithi! Rudia." Mbili kwa kumi.

Upande wa pili, wiki ya pili:

NANI: Mimi na shangazi.
WAPI: Nyumbani, kwenye cherehani.
TATIZO: Uzi mwekundu uliisha.
LIKAISHAJE: Shangazi alishonea mweupe.

Na mimi nimejibu: "Tatizo dogo mno. Fikiria tatizo KUBWA." Nne kwa kumi. Neno KUBWA nimelipigia mistari miwili, ya pili imechana karatasi kidogo.

Nilisoma mara tatu, nikitumaini mwandiko utakuwa wa mtu mwingine. Mtoto alikuwa ameniambia kweli mara mbili, kwamba nyumbani kwao hakuna tatizo, au likiwapo ni la uzi, na mara mbili nimemtia kosa. Mara ya tatu akaniletea nilichokuwa nakitaka, nikampa kumi.

Ilikuwa karatasi moja tu. Pini mbili za katikati ya daftari, ukivuta taratibu inatoka, hakuna atakayejua. Sasa nisikilizeni vizuri. Niliishika. Kidole gumba juu, cha shahada chini, nikaanza kuvuta, na pini ya kwanza ikaachia. Niliwaza barua ya onyo, niliwaza walimu wenzangu, lakini zaidi ya yote niliwaza jinsi yule fundi atakavyosimulia dukani kwake, wateja wameshika meza. Mwalimu wa hesabu akaingia kutafuta chaki. Nikaiachia. Watu wakiniuliza ningefanya nini asingeingia, huwa nasema sijui. Najua.

Alhamisi tulikaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Baba wa Kidoti alikuwa mrefu, buti zimeganda udongo mkavu, kofia mkononi na simu mkono wa pili. Gari la kampuni lilikuwa getini na dereva wake hakuzima hata injini. Kidoti alikalishwa kwenye kiti karibu na kabati la mafaili, miguu haifiki chini, macho hayamtoki baba yake. Fundi alipewa kiti akakikataa. Alisimama ukutani, na miguuni pake palikuwa na begi limejaa mpaka zipu haifungi.

"Dada, nilikuamini," akaanza baba.

Fundi alikuwa anauzungusha mwisho wa tepu kwenye kidole, mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu.

"Sema basi! Nilikuachia mwanangu, chakula naleta, kila kitu naleta. Unamfungia kama mnyama?"

"Niseme nini? Mwalimu umeshamwamini. Mimi ni dada yako miaka thelathini na mitano, mwalimu umemjua kwa simu ya dakika mbili. Mchukue. Nguo zake hizo hapo. Sweta la bluu linamwasha shingoni, usimvalishe bila shati la kola ndani."

Nilikuwa nimemjua yule mwanamke kwa mdomo wake tu. Kumwona amenyamaza namna ile kuliniuma kuliko nilivyotegemea, na kuumia kwenyewe kukaniudhi.

"Shangazi," akasema Kidoti, "tunakwenda wapi?"

Baba aliangalia saa. Mwalimu mkuu akasafisha koo, akasema basi, kwa kuwa mzazi ameafiki, sahihi itiwe hapa.

Nikasimama. Sikupiga moyo konde wala nini, nilisimama kwa sababu magoti yalitangulia. Nikafungua daftari, nikasoma ukurasa wa kwanza, na maandishi yangu mekundu, na alama. Nikasoma wa pili.

"Mwalimu, inatosha," akasema mwalimu mkuu.

"Haijatosha." Nikasoma wa tatu, na kumi kwa kumi yake, na vizuri sana yake. Kisha nikamgeukia mtoto. "Kidoti, shangazi ameshawahi kukufungia mahali popote?"

"Hapana."

"Na stoo ina mlango?"

"Ina pazia."

"Kwa nini uliandika vile?"

Akashangaa kidogo, kama mtu anayeulizwa jina lake na mama yake. "Ulisema tatizo kubwa, mwalimu."

"Na kwa nini uliandika baba akaja?"

Aliinamisha kichwa, akawa anaangalia buti za baba yake, ule udongo uliokuwa unamomonyoka vipande vipande kwenye sakafu.

Baba akanigeukia. Sura yake ilikuwa imevimba. "Kwa hiyo nimesafiri siku nzima kwa ajili ya alama za darasani? Unajua mtambo umesimama huko? Watu kumi na mmoja wamekaa wananingoja mimi! Umenigombanisha na dada yangu wa tumbo moja kwa ajili ya maboksi yako ya viatu?"

"Usinitetee," fundi akamkata. "Sasa hivi tu ulikuwa unaniita mimi mfuga wanyama. Usijifanye umeoga na maji bado yako kwenye ndoo."

"Dada, nisamehe, mwalimu mkuu alisema..."

"Mwalimu mkuu alisema. Mimi hukuniuliza." Kisha akanielekea mimi, na mdomo wake ukamrudia wote. "Na wewe usikae hapo unangojea ahsante. Mtu akikusukuma shimoni halafu akakurushia kamba, humwiti mkombozi. Unamwangalia mikono."

"Sijaomba ahsante."

"Na hutapata."

Mwalimu mkuu akatangaza pale pale kwamba nitaandikiwa barua ya onyo na kwamba darasa la pili nitalikabidhi mwisho wa muhula. Nilisema sawa. Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, na yeye pia, aliyepiga simu huku uwanja mzima unasikia, lakini nilijua lawama ya kwanza ni yangu.

Na yule baba? Nilimwona akipumua. Mabega yalimshuka, kofia akairudisha kichwani. Haikuwa tena siku ya matroni na bweni na mtoto kwenye gari la kampuni. Alikuwa amepona.

"Basi," akasema. "Kama mtoto yuko sawa, mimi nirudi kazini."

Akamsogelea Kidoti, akamgusa kichwani haraka haraka, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto. "Usome kwa bidii. Umsikilize shangazi."

"Ndiyo, baba."

"Nitakuja."

"Lini?"

Honi ikalia getini. Akasema neno ambalo sikulisikia, na nadhani hata mtoto hakulisikia, akatoka kwa hatua ndefu. Kwenye sakafu ya mwalimu mkuu ukabaki udongo wa buti, alama mbili mbili mpaka mlangoni.

Tulitoka nje tukasimama barazani, sisi watatu, kwa kuwa njia ilikuwa moja tu. Fundi alikuwa amebeba begi kwa mkono mmoja na kumshika mtoto kwa mkono wa pili. Sikujua niwapite au ningoje.

"Usinisemeshe," akaniambia.

"Sijasema kitu."

"Endelea hivyo hivyo."

Gari likageuza. Kidoti aliliangalia mpaka likatoka getini, akaliangalia vumbi mpaka likatua. Hakulia. Alikuwa amekunja uso kidogo tu, ule uso wa dawatini, mtoto anapotafuta kikaratasi kiingie boksi gani.

"Shangazi."

"Nini, mama."

"Nikiwa sawa, baba haji."

"Atakuja likizo. Amesema atakuja."

"Lakini nikiwa na tatizo kubwa, anakuja." Akafikiri. "Nikiumwa sana, atakaa?"

Aliuliza kwa sauti ile ile anayoniulizia mimi kama aruke mstari au asiruke, sauti ya mtoto anayetaka kupata jibu sahihi. Fundi aliliweka begi chini polepole. Aliinua macho juu ya kichwa cha yule mtoto, akaniangalia, na safari hii hakukuwa na tusi ndani yake wala mzaha.

"Mjibu, mwalimu," akasema. "Ni mwanafunzi wako huyu."